Nani Atashika Usukani wa Meli Zinazobeba Shaba Yetu?

Wandugu wasomaji, sisi watu wa migodi tunajua kuhesabu. Tunajua tani ngapi zimetoka katika shimo, ngapi zimeyeyushwa, ngapi zimepakiwa. Lakini hesabu yetu inakomea kwa mpaka. Shaba ikisha kuvuka, iwe kwa njia ya Lobito, ya Dar es Salaam, ya Beira ao ya Durban, inaingia ndani ya meli, na kutoka hapo sisi hatuna neno tena. Mwenye meli ni mgeni, nahodha ni mgeni, na hata kijana anayesimama usiku kuangalia taa za meli nyingine ni mgeni.

Wazee wanakumbuka meli za Wabelgiji zilizofanya safari kati ya Antwerp na Matadi baada ya vita ya 1940-1945. Ziliitwa Elisabethville, Albertville, Leopoldville, Jadotville. Jina la mji wetu liliandikwa kwa herufi kubwa mbele ya meli, nasi tuliambiwa tufurahi. Watu weusi walikuwamo ndani ya meli za kampuni ile, kweli. Walipika, walifua mashuka, walisugua sitaha, na zamani za meli za mvuke walitia makaa katika moto. Lakini huko juu, penye dira na ramani, walisimama wazungu. Tulipouliza sababu, tulijibiwa neno moja: breve. Mtu mweusi hana breve ya uofisa.

Basi leo tunataka kuzungumza habari ya breve hiyo, kwa maana watu wengi wanaitaja bila kuijua.

Ofisa wa sitaha si mtu wa kamba na rangi. Ndiye anayeongoza chombo, anayepima mahali kilipo, anayesoma hali ya hewa, anayeangalia namna mizigo ilivyopangwa ili meli isilale ubavu. Zamani kila mwenye meli alimchagua amtakaye, hata mlevi, hata shemeji yake. Meli zilivunjika, watu walikufa, na Waingereza wakachoka. Kwa sheria ya mwaka wa 1850 waliamuru kwamba nahodha na maofisa wa meli za ngambo wapite mtihani mbele ya serikali. Inchi nyingine nazo zilikuwa na mitihani yao, kila moja kwa namna yake. Hali hiyo ya kila mtu na kipimo chake iliendelea kwa muda mrefu, mpaka baada ya meli kubwa ya mafuta, Torrey Canyon, kupanda juu ya miamba ya Uingereza mwaka wa 1967 na kumwaga mafuta baharini, ndipo mataifa yakaona kwamba cheti cha ofisa si jambo la inchi moja. Mwaka wa 1978 yakaandika mapatano mjini London, yanayoitwa STCW, yakaanza kutumika mwaka wa 1984. Yalitengenezwa upya mwaka wa 1995, tena mwaka wa 2010 mjini Manila.

Mapatano hayo yanasema nini? Tuyaeleze polepole, kwa sababu mzazi anayetaka kumpeleka mtoto wake lazima ajue anaingia wapi. Kijana awe na miaka 18 kamili. Apimwe mwili na macho. Ajifunze kuzima moto, kujiokoa katika maji, kutibu majeraha ya kwanza. Asome hesabu za mwendo wa meli, nyota, maji kupwa na kujaa, rada, simu ya upepo, na kanuni za mwaka wa 1972 za kuepuka kugongana. Kanuni hizo hazijali rangi ya mtu. Meli mbili za mashini zikikatana njia, ile inayomwona mwenzake upande wa kuume ndiyo inayopisha, hata kama nahodha wake ni mkubwa wa wakubwa. Tena lazima ajue Kiingereza, maana ndicho lugha ya baharini. Sisi tuliosomea Kifaransa kwa mapadri tuliandike neno hilo vizuri.

Lakini masomo ni nusu tu. Nusu nyingine ni miezi ya bahari. Mwanafunzi wa shule inayokubaliwa lazima akae baharini muda usiopungua miezi 12, akiwa na kitabu ambacho maofisa wa meli wanatia sahihi kazi baada ya kazi. Na katika miezi hiyo, isiyopungua 6 awe amesimama zamu huko juu akiangaliwa na ofisa. Asiyepita kwa mpango huo anadaiwa miezi 36. Hapo anapata cheti cha ofisa wa zamu, ndiyo ngazi ya chini. Kwa meli kubwa, za tani 3000 na zaidi, anatumika miezi 12 ndipo anaweza kufanya mtihani wa kuwa msaidizi mkuu wa nahodha. Kwa unahodha wenyewe anahitaji miezi 36, ao 24 ikiwa miezi 12 kati yake alikuwa msaidizi mkuu. Na akisha kupata, haikai milele kama cheti cha ubatizo: kila miaka 5 anaonyesha kwamba bado anastahili.

Wandugu, tukisoma maneno haya hatuoni mahali palipoandikwa mzungu. Hatuoni mahali palipoandikwa mtu mweusi. Ndiyo maana tunayapenda zaidi ya karatasi nyingine tulizopata kujua. Kumbukeni ile kadi ya mwaka wa 1948, ya watu wenye sifa njema, na ile immatriculation ya mwaka wa 1952. Mtu alichunguzwa mpaka ndani ya nyumba: anakula kwa uma? Mke wake anakaa mezani? Watoto wana vitanda? Hakuna aliyeuliza kama anajua kazi yake. Ile haikuwa mitihani, ilikuwa ukaguzi wa vyombo vya jikoni. Mtihani wa bahari unauliza jambo moja: usiku, katika ukungu, ukisikia honi mbele yako, utafanya nini?

Yupo mgeni mmoja ambaye wengine wanamjua kwa vitabu vyake juu ya Kongo, Joseph Conrad, Mpolandi. Kabla ya kuandika alikuwa mtu wa bahari katika meli za Waingereza. Alianza chini, Kiingereza akajifunzia ukubwani. Alishinda mtihani wa kwanza wa uofisa mwaka wa 1880, wa pili mwaka wa 1884, wa unahodha mwaka wa 1886, na kati ya hiyo alipata kuanguka, akarudi, akashinda. Alipofika Kongo mwaka wa 1890, kapiteni wa mashua ya mvuke Roi des Belges akaugua, naye akashika uongozi kwa muda. Alikuwa mgeni kwa Waingereza, lakini waliomtahini walipima yaliyo kichwani mwake.

Mwaka ule ule wa 1886 alizaliwa katika visiwa vya Karibi mtu mweusi, Hugh Mulzac. Huyu naye alikwenda baharini, akasoma, akashinda mtihani wa unahodha Marekani mwaka wa 1920. Karatasi ilikuwa halali kabisa. Wenye meli wakaisoma, wakamrudishia, wakamwambia: jikoni kuna kazi. Akapika na kuandaa meza karibu miaka 20. Vita ikaja, watu wakapungua, ndipo mwaka wa 1942 alipewa meli, Booker T. Washington, naye akakataa kuichukua mpaka wakubali weupe na weusi wafanye kazi pamoja. Wakakubali. Baada ya vita alinyimwa tena.

Tunawaambia habari za watu hawa wawili kwa sababu watu wetu wanadhani mlango ni mmoja, nao ni miwili. Wa kwanza ni mtihani. Wa pili ni nafasi ndani ya meli. Wa kwanza unafunguliwa na kichwa cha mtu mwenyewe. Wa pili unafunguliwa na mwenye meli, na hapo ndipo vijana wa Afrika wanapokwama hata leo. Wanasoma, wanashinda, halafu wanakaa nyumbani na kitabu chao cha miezi 12 kikiwa kitupu, kwa sababu hakuna meli inayowachukua.

Wapo wanaotaka kuruka mlango huo wa pili. Hapa tutasema maneno ambayo wengine katika chama hawatayapenda. Tumesikia vijana wakisema: inchi ni yetu tangu tarehe 30 Juni 1960, basi serikali itoe vyeti, iwape watoto wa inchi, mambo yakwishe. Hapana. Tunakumbuka jeshi. Wabelgiji walikaa Kongo zaidi ya miaka 70 bila kumfanya Mkongo hata mmoja kuwa ofisa; Julai 1960 askari wakaasi, na vyeo vikagawanywa kwa siku chache. Kosa hatuliweki juu ya askari, tunaliweka juu ya wale waliokataa kuwafundisha. Lakini kila mtu aliona kwamba nyota ya begani haimfundishi mtu usiku mmoja. Bahari ni kali zaidi. Mgodini kapita asiyejua kazi anaonekana mapema, wenzake wanamkimbia kabla mwamba haujaanguka. Baharini hakuna pa kukimbilia.

Na cheti cha kununua kipo, msidhani tunatishia watoto. Mwaka wa 2001 katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa uchukuzi duniani, ITF, mtu asiyejua kuongoza meli, alijaribu kununua cheti cha ofisa wa kwanza kutoka Panama. Akakipata. Alikionyesha kwa watu wote ili aibu ionekane. Vyeti vya namna hiyo vinawaumiza kwanza maskini waliotoa jasho lao, kwa maana inchi ikijulikana kwa uongo, karatasi za watoto wake wote zinatiliwa mashaka katika kila bandari, hata za yule aliyesimama zamu zake zote kwa haki.

Wengine watasema sisi wa Katanga tuko mbali na maji, tuwaachie ndugu wa Boma na Matadi. Ethiopia haina pwani tangu mwaka wa 1993, lakini ina kampuni ya meli, na kule Bahir Dar, kando ya ziwa Tana, inafundisha maofisa wa meli, hasa wa mashini. Ghana ilipata uhuru mwaka wa 1957, mwaka huo huo ikaanzisha Black Star Line, na mwaka wa 1958 shule ya mabaharia ikafunguliwa Nungua. Hawakungojea. Sisi tuna pwani ya kilometa karibu 40 na mto usio na mfano. Kuna ndugu wa Kalemie na wa Ilebo waliozeeka wakiongoza mashua za ziwa na mto. Lakini mapatano ya STCW hayahesabu maji ya ndani, na miaka yao yote haiwapi hata zamu moja ya bahari. Hilo linatuuma, lakini ndivyo ilivyo, na afadhali wajue.

Basi tunadai nini? Hatudai unahodha wa zawadi. Tunadai vitanda. Kila meli kubwa inaweza kupangwa vitanda viwili vitatu vya maofisa wanafunzi. Shaba na kobalti yetu inatafutwa na dunia nzima. Anayeinunua anakodi meli ya kuibeba. Mikataba ya madini inaandika barabara, shule, visima. Iandike pia: kwa mzigo huu, nafasi hizi za wanafunzi wa Kongo, kwa miezi hii, na kitabu kitiwe sahihi. Vile vile kwa bandari ya maji marefu ya Banana, ambayo jiwe lake la kwanza liliwekwa mwaka wa 2022. Tutapewa kazi za kubeba na kulinda lango, hizo hazihitaji kuombwa. Tuombe zile ambazo hatutapewa tusipoomba. Na ile ofisi ya serikali inayotoa vyeti ikaguliwe na watu wanaojua bahari, majina ya waliopasi yatangazwe, ili kila mtu aone mtoto wa nani amepita na mtoto wa nani ameanguka.

Vyama vya wafanyakazi vichukue neno hili katika mikutano yao. Wabunge wetu wa Katanga waulizwe juu yake wakija kuomba kura, na wajibu kwa hesabu, si kwa makofi.

Kwa wazazi, hadi hapo: mtoto apendaye hesabu na jiografia asitolewe shuleni kwenda kutafuta kazi ya mkono. Atafutiwe mwalimu wa Kiingereza. Abidjan iko shule kubwa ya mambo ya bahari inayofundisha kwa Kifaransa, na Dar es Salaam kiko chuo cha bahari ambako, nje ya darasa, atasikilizana na watu kwa Kiswahili. Tena apelekwe kwa daktari wa macho mapema, kabla familia haijauza kitu. Kwa uofisa wa sitaha anayeshindwa kutofautisha taa nyekundu na ya kijani hapokelewi, hata akiwa wa kwanza darasani, kwa sababu usiku taa hizo mbili ndizo zinazoonyesha meli ya mbele inakuja upande gani.