Kamera Iko Mkononi, Njia Iko kwa Nani?

Mtengeneza filamu huru ni yule ambaye kazi yake haikuagizwa na kampuni kubwa, kituo cha televisheni wala serikali. Hadithi huichagua mwenyewe, fedha huzisaka mwenyewe, na kauli ya mwisho kuhusu picha ya kubaki na ya kukatwa ni yake. Huo ndio uhuru unaozungumzwa zaidi. Upo uhuru wa pili usiosemwa sana, nao ndio unaoamua kama atapata kutengeneza filamu nyingine: kuamua kazi iliyokamilika ipite njia gani hadi kwa mtazamaji, na fedha ya mtazamaji huyo irudi kwa nani. Katika Afrika Mashariki uhuru wa kwanza umepanuka sana tangu ije video. Wa pili umekuwa ukihama mikono tu.

Tanzania ya miaka ya 1970, kamera na njia vyote vilikuwa kwa dola. Kampuni ya Filamu Tanzania, TFC, iliyoanzishwa mwaka 1968, ndiyo iliyokabidhiwa uagizaji na usambazaji wa filamu. Filamu ya mkanda ilidai mitambo ghali, maabara ya kusafishia na fedha za kigeni, hivyo filamu za hadithi zilizotengenezwa nchini zilikuwa za kuhesabika. Mahali pa kuzionyeshea palikuwepo. Zanzibar ilikuwa na Majestic na Cine Afrique. Dar es Salaam ilikuwa na Empire, Avalon na Drive-In, ambako familia zilitazama zikiwa ndani ya magari. Leo watu bado hushuka kituo cha Drive-In, lakini palipokuwa na pazia la sinema pamejengwa ubalozi wa Marekani.

Video iligeuza hesabu. Kamera ndogo na kompyuta moja ya kuhariria vilitosha, na filamu Girlfriend ya George Tyson, iliyotoka mwaka 2003 ikiwa na wasanii wa muziki wa Bongo Fleva, hutajwa mara nyingi kuwa mwanzo wa kile kilichokuja kuitwa Bongo Movie. Kwa kuwa kumbi nyingi zilikuwa zimeshafungwa, filamu ilimfuata mtazamaji nyumbani kwa kanda za video, kisha kwa diski, na njia ya kufika huko ilipita kwa wasambazaji wachache wa Kariakoo, Dar es Salaam.

Biashara yenyewe ilikuwa fupi. Mtengenezaji alipeleka masta, yaani nakala mama ya filamu, kwa msambazaji, akalipwa kwa mkupuo mmoja, akasaini, na haki zote zikaondoka pamoja na masta. Nakala zikiuzwa elfu tano au elfu hamsini, kwake yalikuwa mamoja. Mkataba wa namna hiyo uliacha alama hadi kwenye filamu. Sura ya nyota ilijaza kava, kwa sababu msambazaji alinunua sura kabla ya kuuliza hadithi. Kisa kimoja kiligawanywa sehemu ya kwanza na ya pili, ili mnunuzi alipe mara mbili. Ili sehemu zote mbili zijae dakika, mhusika alionyeshwa akipiga honi, geti likifunguliwa, gari likiingia taratibu, mlango ukifungwa, ngazi zikipandwa, ndipo mazungumzo yaanze. Wakosoaji waliyaita hayo uvivu wa waongozaji. Mengi yalikuwa masharti ya soko yaliyogeuka mtindo.

Uharamia ulizidisha ugumu, kwani diski moja ya magendo iliweza kubeba filamu nyingi kwa bei isiyofikia ya moja halali. Mwaka 2013 Tanzania ilianza kubandika stempu za kodi kwenye kazi za muziki na filamu. Stempu ilithibitisha kwamba mzigo umelipiwa kodi, na ilisaidia kuzitenga nakala za magendo. Haikuwa na uwezo wa kurudisha haki ambayo msanii alikuwa amekwisha kuiuza.

Waliotaka kukwepa Kariakoo walitazama nje. Nchini Kenya, kampuni ya One Fine Day Films ya mwongozaji Mjerumani Tom Tykwer na wenzake ilichanganya mafunzo na utayarishaji, na humo zikatoka Soul Boy, Nairobi Half Life ya mwaka 2012 na Supa Modo ya mwaka 2018. Fedha za aina hii humpa mwongozaji muda wa kuandika upya, sauti safi na mhariri mzuri. Bei yake ni mpangilio wa safari: filamu huanza kwa mtazamaji wa tamasha la mbali, na wa nyumbani hufikiwa baadaye, pengine asifikiwe. Supa Modo ilizinduliwa Berlin, ilhali hadithi yake ni ya kijiji ambako filamu hutazamwa kibandani, kwenye mabenchi, huku kijana mmoja akiwatafsiria watazamaji kwa mbwembwe. Vibanda vya namna hiyo, ambavyo Watanzania huviita vibanda umiza, ndivyo ukumbi wa sinema wa watu wengi, na mwenye filamu ni nadra kupata hata senti kutoka humo.

Tanzania ina mfano wake. Amil Shivji aliigeuza riwaya ya Shafi Adam Shafi, Vuta N'kuvute, kuwa filamu iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata nchi ikaiteua kuiwakilisha katika tuzo za Oscar, ya kwanza tangu Maangamizi ya mwaka 2001. Riwaya ni ya Zanzibar na lugha ni ya Zanzibar, lakini fedha zilikusanywa nchi kadhaa. Tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, linaloonyesha filamu Ngome Kongwe, husaidia kuwarudishia wenyeji kazi kama hizo, ila tamasha ni siku chache tu katika mwaka.

Mlango mwingine hushikwa na sheria. Kupiga picha na kuonyesha filamu kunahitaji vibali, Kenya na Tanzania pia. Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa katika tamasha la Cannes, ilipigwa marufuku nyumbani mwaka 2018. Mwezi Septemba Mahakama Kuu ilisimamisha marufuku hiyo kwa siku saba, muda ambao kanuni za Oscar zilitaka filamu ionyeshwe nchini kwake ili istahili kuteuliwa, na watu wakajaza kumbi za Nairobi. Kwa Oscar, Kenya hatimaye iliteua Supa Modo, lakini siku hizo saba zilithibitisha kwamba watazamaji walikuwepo tangu mwanzo.

Sasa njia zimehamia kwenye ving'amuzi na simu. Kituo kinachoagiza tamthilia hulipa gharama kwa uhakika kuliko msambazaji wa diski, na mara nyingi hubaki na haki zote, kwa hiyo mkataba wa Kariakoo umerudi ukiwa umevaa suti. YouTube humwachia mwenye kazi haki yake, lakini mapato hufuata bei ya matangazo, na mtazamaji wa London huingiza zaidi kuliko wa Mwanza.

Kutokana na hayo hutoka hoja ya makala hii. Mtengeneza filamu huru hulindwa kwanza na kile asichokiuza. Akibaki na masta, anaweza kukodisha haki kwa muda maalumu na kuuza kila njia peke yake: ukumbi, televisheni, intaneti. Sera za filamu nazo zipimwe kwa kipimo hichohicho: kumbi ndogo zenye leseni, vibanda vinavyolipia kile vinachoonyesha, na mafunzo ya mkataba yanayokwenda bega kwa bega na mafunzo ya kamera.