Mboko: Wapime njia na soko pia, si mkono wa mtoto tu

Kwenye kituo cha afya, mtoto wa Mboko anapimwa mzunguko wa mkono kwa utepe wa rangi tatu. Ukifika kwenye nyekundu, utapiamlo ni mkali. Lakini utepe huo hausemi kitu juu ya njia ambayo mama yake anapitia kwenda shambani, wala juu ya soko anakonunulia chakula.

Kipimo cha mtaa kipo. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani, akiwemo James Sallis, walitoa orodha ya maulizo: maduka yako karibu? Kuna njia ya watembea kwa miguu? Usiku kuna taa? Baadaye Adewale Oyeyemi wa Nigeria na wenzake waliirekebisha kwa ajili ya Afrika, ikajaribiwa katika nchi saba, Kenya na Uganda zikiwemo. Kongo haikuwemo.

Ikiletwa Mboko vile ilivyo, itadanganya. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linaomba mtu mzima atumikishe mwili angalau dakika 150 kwa juma. Mama anayepanda mlima na kushuka na mihogo mgongoni anazimaliza kwa siku moja. Lakini milio ya risasi ikisikika huko juu, anabaki nyumbani, na hapo ndipo sombe na maharagi vinakatika. Kwa Fizi, ulizo la kwanza lingekuwa: juma hili ulifika shambani, ukarudi salama?

Chakula vilevile. OMS inaomba gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Ziwa Tanganyika liko mlangoni, mawese yanakamuliwa hapa hapa. Lakini mnunuzi wa Uvira akilipa zaidi, ndagala wanapanda gari kwenye barabara ya kitaifa nambari 5. Kuhesabu meza za soko bila kuuliza bei, na bila kuuliza nani alibaki na samaki, ni kazi bure.

Wengine watasema usalama kwanza, karatasi baadaye. Ila njia iliyofungwa bila kuandikwa popote, serkali inaihesabu kama njia iliyo wazi.

Wajumbe wa afya, wale wanaoitwa RECO, tayari wanapita nyumba kwa nyumba. Zone ya afya ya Nundu iwape ukurasa mmoja wa maulizo, mara moja wakati wa mvua, mara moja kiangazi, kando ya ziwa na chini ya mlima. Na majibu yabandikwe sokoni Mboko kabla ya kupelekwa Bukavu.