Karo ya Mtoto Si Zawadi ya Mheshimiwa

Tarehe 1 Julai 2025, Bunge la Taifa la Kenya lilipiga kura kuingiza mifuko mitatu ndani ya Katiba: Mfuko wa Maendeleo ya Maeneobunge, maarufu NG-CDF, mfuko wa NGAAF ulio chini ya wawakilishi wa wanawake, na mfuko wa maseneta wa kusimamia kaunti. Wabunge 304 waliuunga mkono muswada huo uliposomwa mara ya pili, na 298 uliposomwa mara ya tatu. Katiba inadai theluthi mbili, yaani wabunge 233 kati ya 349. Zilipatikana, zikabaki. Mnamo Februari 2019, muswada wa kutimiza kanuni ya usawa wa jinsia ulianguka katika ukumbi huohuo kwa sababu waliofika hawakutosha kupiga kura. Mwananchi aliyeshuhudia siku zote mbili ana haki ya kujua wawakilishi wake huamka mapema kwa ajili ya jambo gani.

Kura ile ilikuwa kosa. Nasema hivyo nikijua vyema kuwa katika vijiji vingi nchini mfuko huu ndio sura pekee ya serikali ambayo watu wameiona ikijenga kitu. Mbunge ana wajibu wa kuwasaidia wakazi wa eneobunge lake, na anayejificha Nairobi miaka mitano hafai kurudishwa. Ninachopinga ni msaada huo kufungwa katika umbo hili, ambapo haki ya mkazi hupitia mkononi mwa mwanasiasa, kisha umbo hilo kupewa kinga ya Katiba ili mahakama isiliguse tena.

Maana mahakama ndiyo chanzo cha haraka hiyo. Mfuko ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, mwanzoni mwa utawala wa Mwai Kibaki, na nia yake ilikuwa njema. Enzi za Daniel arap Moi, barabara na shule zilifuata utiifu. Eneo lililoikosoa serikali lililala njaa ya maendeleo. Mfuko ukaja na kanuni iliyoeleweka: sehemu kubwa ya fedha igawanywe sawa kwa maeneobunge yote, na sehemu iliyobaki ifuate kiwango cha umaskini. Kisha ikaja Katiba ya 2010, ikaleta kaunti 47 na kumpa kila mtu kazi yake. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ikasema sheria ya mfuko iliyotungwa 2013 inakiuka Katiba. Agosti 2022 Mahakama ya Juu ikasema vivyo hivyo. Wakati huo Bunge lilikuwa limekwisha kutunga sheria nyingine ya mwaka 2015, na tarehe 20 Septemba 2024 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakaibatilisha hiyo pia, wakiupa mfuko muda hadi tarehe 30 Juni 2026. Jibu la wabunge halikuwa kujisahihisha. Walienda kuibadilisha Katiba iliyowakosoa.

Watetezi wa mfuko wana hoja zao. Wanasema umejenga madarasa, maabara, mabweni, ofisi za machifu na vituo vya polisi; ni kweli, na yeyote aliyetembea mashambani ameviona vibao vyake. Wanasema fedha za kaunti huchelewa na nyingine hupotea. Hilo pia ni kweli, ingawa wizi katika nyumba ya jirani haujawahi kuwa sababu ya kuacha mlango wako wazi. Wanasema wananchi walikusanywa Mei 2025 kutoa maoni katika maeneobunge yote 290 na wakataka mfuko ubaki. Lakini swali waliloulizwa lilikuwa kama msaada uendelee au ukome. Mzazi mwenye mtoto kidato cha tatu angejibu nini? Hakuna aliyemuuliza kama angependa karo ya mwanawe ilipwe moja kwa moja shuleni, bila yeye kupanga foleni kwa mtu yeyote.

Hapo kwenye foleni ndipo penye hoja inayoshinda nyingine zote.

Nilipokuwa shule ya sekondari, mama yangu aliniombea basari ya eneobunge. Alichukua fomu, akaipeleka kwa chifu ikapigwa muhuri, akairudisha shuleni ikasainiwa, akaifikisha ofisini, kisha akangoja. Wiki kadhaa baadaye tuliitwa uwanjani sisi wazazi na wanafunzi kushuhudia hundi zikitolewa. Mheshimiwa alichelewa hadi alasiri. Tulikaa juani, tukapiga makofi, wazazi wakaombwa wainue mikono kuonyesha shukrani. Ilikuwa siku ya soko, na mama alikuwa ameacha nyanya zake kwa jirani. Kiasi tulichopewa hakikufika robo ya deni. Mwaka uliofuata ulifanyika mkutano wa hadhara kuhusu kisima ambacho kilikuwa kimetengewa fedha na hakikuchimbwa. Mama alikijua kisa hicho kuliko wengi waliokuwapo, lakini hakufungua mdomo. Nilipomuuliza njiani, alisema hawezi kumkabili mbele za watu mtu aliyemsomeshea mwanawe. Nimeishi na jibu hilo kwa miaka mingi, na kila nikilirudia naona kwamba pale ndipo mfuko ulipofanya kazi yake ya kweli. Ulinunua kimya cha mwanamke aliyekuwa na la kusema.

Na ulikinunua kwa fedha zake mwenyewe. Mama alilipa ushuru kwenye sukari, kwenye mafuta ya taa, kwenye kila kitu alichonunua. Waswahili husema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini msemo huo unamhusu mtu anayetoa chake. Mbunge hakutoa chake. Alishika kikombe tu maji yalipokuwa yakipita, na sisi tukamshukuru kana kwamba kisima ni chake.

Kwa maandishi, sheria ya 2015 haikumweka mbunge kuwa mwanakamati wa mfuko, na watetezi huisoma sehemu hiyo kwa sauti. Nenda kijiji chochote umuulize mzazi basari hutoka kwa nani. Atakutajia jina la mbunge, na akiwa mkarimu ataongeza jina la mwakilishi wa wanawake, gavana na mwakilishi wadi, kwa kuwa nao wana basari zao na foleni zao. Mtoto mmoja huzungushwa milango minne na kila mlango una shukrani unazozidai.

Tazama sasa hesabu. Karo iliyoidhinishwa katika shule ya kitaifa ya bweni ni shilingi 53,554 kwa mwaka; katika nyingine nyingi za bweni ni 40,535. Mtoto akipata basari ya shilingi 5,000, familia ya shule ya kitaifa bado inadaiwa 48,554. Msaada huo haumwondolei mzazi mzigo. Unamfanya tu arudi tena muhula ujao. Kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya serikali, serikali ilijitwika kulipa ruzuku ya 22,244 kwa mwaka, na kwa ahadi hiyo elimu ya kutwa iliitwa ya bure. Hizo ndizo fedha zisizohitaji fomu, chifu wala uwanja. Zinaingia shuleni kwa sababu moja tu: mtoto yupo darasani.

Sasa sikiliza kilichotokea mwezi uleule wa kura. Wabunge walipiga kura tarehe 1 Julai. Kabla Julai haijaisha, Waziri wa Fedha John Mbadi aliiambia Kamati ya Elimu ya Bunge hilohilo kwamba serikali haimudu 22,244. Kinachopatikana katika bajeti ni kama 16,900 kwa kila mwanafunzi. Pengo ni shilingi 5,344. Wakuu wa shule walikuwa wamelalamika kwa miaka kwamba fedha zinafika pungufu na zimechelewa, na kwamba wasambazaji wa chakula wanawadai hadi wanaogopa kupokea simu. Waziri aliwathibitishia kwamba hawakuwa wakiota.

Nani anaidhinisha bajeti ya Kenya? Kifungu cha 95 cha Katiba kinajibu: Bunge la Taifa ndilo linaloamua mgao wa fedha na kusimamia matumizi yake. Kwa hiyo watu walewale ambao kazi yao ni kuhakikisha 22,244 zinafika shuleni ndio waliopitisha bajeti yenye pungufu, na ndio walioketi kuhakikisha mfuko wa kugawa basari kwa jina lao haufi kamwe. Anayeuacha mtungi uvuje mchana ndiye anayekuja jioni na kata ya maji, akitaka ashukuriwe. Nimewatafutia wabunge maelezo mengine ya mpangilio huu na sikuyapata.

Tuendelee kuhesabu, maana hapa ndipo uvumilivu wangu unapokwisha. Mfuko wa NG-CDF hutengewa angalau asilimia 2.5 ya mgao wa mapato ya serikali ya kitaifa. Katika miaka ya karibuni umevuka shilingi bilioni 50 kwa mwaka. Tukikadiria wanafunzi wa sekondari kuwa milioni 4 kamili, pengo la shilingi 5,344 kwa kila mmoja ni bilioni 21 na ushei. Chini ya nusu ya mfuko huo ingeliziba lote. Kila mtoto, wa Lodwar na wa Lamu, mwenye mzazi anayemjua katibu wa mbunge na asiyemjua, angepata haki yake sawa. Fedha zipo. Zimewekwa mahali ambapo lazima ziombwe.

Na si kwamba elimu hii ni hisani inayoweza kujadiliwa. Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaihesabu sekondari kuwa sehemu ya elimu hiyo. Haki haina fomu ya maombi. Haki haimwulizi mzazi alimpigia nani kura. Anayelazimika kuiomba, akangoja jina lake lisomwe, akaondoka akiwa na deni la shukrani, tayari amenyang'anywa nusu yake hata kabla hajaipokea.

Ng'ambo ya mpaka wa Namanga, Tanzania ilifuta ada katika shule za serikali hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na mwaka 2022 ikaongeza kidato cha tano na cha sita. Madarasa yalifurika na walimu wakazidiwa, sifichi hilo. Tanzania nayo ina mfuko wa kuchochea maendeleo ya jimbo chini ya sheria ya 2009, na huko mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati waziwazi, jambo ambalo nalipinga vilevile. Hata hivyo mzazi wa Longido hampigii mbunge magoti ili mwanawe asifukuzwe kwa sababu ya ada. Wa Kajiado, upande wa pili wa mpaka, bado anatafuta ofisi iliko.

Mbunge ataniuliza basi abaki na kazi gani kijijini. Kazi ipo tele. Akutane na wakazi bila hundi na asikie shule ipi haijapokea ruzuku. Awafuatilie wenye vitambulisho vilivyokwama na wajane wenye malipo ya uzeeni yaliyopotea mezani kwa mtu. Aketi na bodi ya shule asome hesabu za miundombinu. Kisha arudi Bungeni amwite waziri ajibu. Huo ni msaada kwa wakazi, tena mgumu kuliko kugawa hundi, na haumwachii yeyote deni la kunyamaza. Lakini ili ausimamie mradi ni lazima asiwe mwenye mradi. Nani atamkagua mkaguzi anayejenga ukuta, anayeusifu ukuta, na ambaye jina lake limeandikwa juu ya ukuta?

Muswada ulipotoka Bunge la Taifa ulielekezwa Seneti, ambako nako theluthi mbili zinatakiwa. Maseneta wamewekewa fungu lao ndani yake, na hilo peke yake lingetosha kumtia mtu shaka. Wakiwa wanajali wakazi wa kaunti walizotumwa kulinda, waukatae. Na fedha za basari ziunganishwe, za mbunge, za gavana na za wadi, zitumwe shuleni kwa hesabu ya vichwa vya wanafunzi. Madarasa na maabara yajengwe na wizara na kaunti zenye kazi hiyo kisheria, huku mbunge akizikagua kwa jicho kali.

Mheshimiwa anayetaka kukumbukwa na watu wake ana nafasi kila mwaka. Siku makadirio ya bajeti yanapoletwa ukumbini, asimame aulize ziko wapi zile shilingi 5,344, na asiketi mpaka ajibiwe. Hakutakuwa na uwanja wala hema, na mama yangu hatakuwapo kumpigia makofi. Atakuwa sokoni, akiuza nyanya zake mwenyewe. Na kisima kisipochimbwa, ataweza kusema.