Na mtoto wake yuko wapi?



Jumapili hii naandika kuhusu filamu. Najua wapo watakaouliza padri ana shughuli gani na Netflix. Niseme mapema kwamba mimi si mtaalamu. Ni mtazamaji wa jioni, baada ya sala na ugali, tena umeme ukiwepo. Vijana wa kwaya ndio wanaoniletea majina, "Faza, hii usiikose," na mara nyingi naikosa. Lakini katika mwaka wa 2025 nilitazama kadhaa, na moja imenisumbua kuliko mahubiri yangu mwenyewe.

Nianze na ile ya Wakorea, Squid Game. Ilianza kuonyeshwa Septemba 2021 na mwaka 2025 wakafunga msimu wa tatu. Wazazi waliwahi kuniomba niikemee kanisani kwa sababu watoto walikuwa wanaiga mchezo wa yule mwanasesere mkubwa. Nikawajibu kwamba siwezi kukemea nisichokiona, nikakaa nikaitazama. Watu 456 waliozama kwenye madeni wanachukuliwa kwenda kucheza michezo ya watoto. Anayeshindwa anauawa, na fedha zinazidi kujaa kwa ajili ya watakaobaki. Damu ni nyingi mno na simshauri mzazi yeyote amwachie mtoto.

Lakini kuna sehemu moja iliyonikalisha kimya. Baada ya mchezo wa kwanza, wachezaji wanapiga kura na kuruhusiwa kwenda nyumbani. Wanakwenda. Halafu wengi wao wanarudi wenyewe, bila kushikwa mkono na mtu, kwa sababu huko nyumbani madeni yaliwangoja mlangoni.

Usiniambie hayo ni ya Korea. Kwetu tuna mikopo tunayoiita kausha damu, na jina hilo hawakulitunga mapadri. Mama anakopa mtaji wa genge, anatakiwa kurejesha kila siku, akiruka siku moja deni linanenepa, na mwisho wanakuja kubeba televisheni na godoro. Mwalimu anaacha kadi yake ya benki mikononi mwa mkopeshaji. Nimemwona mama akitoka kulipa mlango mmoja na kuingia mlango wa pili kukopa cha kulipia mlango wa tatu. Kwa hiyo waandishi wa tamthilia ile hawakunidanganya kuhusu deni.

Niliiacha njiani kwa sababu nyingine. Nilikuwa nimekaa, miguu juu ya stuli, nikajikuta nasema moyoni: huyu mzee bora aondoke, yule binti abaki. Nilikuwa nachagua nani afe. Katika tamthilia hiyohiyo wamo matajiri waliovaa vinyago vya dhahabu, wanastarehe huku wakitazama watu wakiuawa. Nikajiona nimekaa nao benchi moja. Nikazima.

The Chosen nitaipitia haraka, maana wengi wenu mmeshaiona. Naipenda kwa kuwa Yesu wa humo anacheka na anachoka, na anayemwigiza, Jonathan Roumie, ni Mkatoliki anayesali. Kwa mnaoniuliza kama ukiitazama unaweza kuacha kusoma Injili: hapana. Maneno mengi ya humo yametungwa na waandishi wa filamu. Na Binti, filamu yetu wenyewe ya mwaka 2021 aliyoiongoza Seko Shamte, ikafika hadi Netflix, nayo naisifu kwa moyo mmoja. Inafuata wanawake wanne, na wale wanaume wanaozoea kusema "wanawake wa siku hizi" ningewakalisha waitazame mpaka mwisho. Kasoro yake ni kwamba kila hadithi inakatika pale unapoanza kuizoea.

Sasa nije Gongoni.

Gongoni ni katika mitaa ya mjini kwetu Tabora, mji uliokuzwa na misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi walipita huku na pembe mabegani, wengine wakienda Ujiji, wengine wakirudi pwani, na walipotua mizigo jioni walitua na hadithi zake. Siku hizi hadithi inafika ndani ya flashi.

Mnakumbuka Aprili na Mei mwaka 2025. Baba Mtakatifu Fransisko alifariki dunia Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21 Aprili. Tarehe 7 Mei makardinali 133 wakaingia Kikanisa cha Sistina, na mmoja wao alikuwa Askofu Mkuu wetu hapa Tabora, Protase Kardinali Rugambwa. Kesho yake, katika kura ya nne, tukampata Papa Leo XIV. Kwa siku zile mbili mji wetu ulikuwa na mtu wake mle ndani, na hata ndugu zetu Waislamu walinisimamisha njiani kuniuliza: "Padri, wamefikia wapi?"

Ndipo mtu mmoja wa Jumuiya Ndogo Ndogo pale Gongoni akasema ipo filamu ya jambo hilohilo, Conclave, ya mwaka 2024. Tukakubaliana tuitazame nyumbani kwake baada ya sala ya Jumuiya. Tukapeleka watoto kulala, tukabaki watu wazima. Flashi ilikuwa imejazwa kibandani kwa fedha kidogo, nami nalikiri hilo hapa hadharani: nilijua, nikanyamaza. Amri ya saba inanihusu. Wenye kazi yao hawakupata hata senti yangu.

Ni filamu nzuri. Ralph Fiennes anaigiza dekano wa makardinali, mzee anayebeba uchaguzi mgongoni huku imani yake mwenyewe ikimtetereka, na hakuna padri wa umri wangu asiyemwelewa. Kelele zilianza alipotokea Kardinali Adeyemi wa Nigeria, anayeongoza kura za mwanzo. Nikawaambia anayemwigiza ni Lucian Msamati, aliyezaliwa Uingereza na wazazi Watanzania, akakulia Zimbabwe. Basi! Kila kura yake ilipotajwa sebule ilishangilia kama mechi ya Simba na Yanga.

Kisha Adeyemi anaanguka. Inafichuka kwamba miaka mingi iliyopita alikuwa na uhusiano na binti, ambaye sasa ni sista, na akazaa naye. Inafichuka pia kwamba sista huyo hakufika Roma kwa bahati. Aliletwa na kardinali mwingine aliyeutaka upapa, ili mwenzake aaibike. Sebule ikagawanyika. Kina baba walisema amefanyiwa njama, Mwafrika mwenzetu, tena kwa jambo la zamani. Vijana wakasema amestahili, angewezaje kukaa kiti cha Petro? Walibishana mpaka nikaomba filamu isimamishwe.

Ilipokwisha waligeuka kuniuliza kama mambo ndivyo yalivyo kweli. Nikajikohoza, maana hapo ndipo padri aliyesoma seminari anapojiona ana kazi. Nikawaeleza kwamba kardinali aliyeteuliwa kwa siri, kama yule wa filamu anayefika na barua yake, hawezi kupiga kura ikiwa Papa amefariki bila kulitangaza jina lake. Nikawaeleza kwamba theluthi mbili ya wapiga kura 133 ni 89. Mmoja akasema tumuulize Baba Kardinali akirudi, nikamwambia wameapa kutosema, usimtie mzee majaribuni. Kuhusu mwisho wa filamu, ambao sitauandika hapa, niliwaambia sikuupenda. Unataka kushtua, na filamu iliyokuwa inatembea vizuri ghafla inapiga kelele.

Nilikuwa bado naeleza wakati mama mmoja anayeuza migebuka sokoni, aliyekaa mkekani karibu na mlango na hakuwa amesema neno usiku kucha, aliponiambia:

"Baba, samahani. Yule sista alizaa. Na mtoto wake yuko wapi?"

Mwenyekiti wa Jumuiya akacheka kidogo. "Mama, hiyo ni filamu."

"Najua ni filamu. Nauliza mtoto yuko wapi."

Sikuwa na jibu. Mtoto yule haonekani popote. Anatajwa, anamwangusha kardinali, kisha kura zinaendelea. Nasi tuliokuwa tumejaa sebuleni tulibishana zaidi ya nusu saa kama baba yake alistahili kuwa Papa, na hakuna aliyegundua kwamba mtu mmoja hayupo.

Njiani kurudi nilimfikiria Mfalme Daudi. Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 12, nabii Nathani hakumwendea na mashtaka. Alimsimulia hadithi ya tajiri mwenye mifugo mingi aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja. Daudi aliifuata vizuri sana. Alikasirika, akamhukumu kifo mtu wa ndani ya hadithi, na kumbe mtu huyo ni yeye. Alikuwa amemchukua Bathsheba na kumuuza mumewe, Uria, vitani. Kila ninapohubiri sura ile huwa nasema habari ya dhambi ya Daudi. Sikuwahi kusema kwamba alikuwa pia mtazamaji hodari, mwepesi wa hasira dhidi ya watu wasiokuwepo.

Nadhani najua swali lako, msomaji. Je, na mapadri? Ndiyo, na mapadri. Ningekwambia kwamba filamu ile imetunga jambo lisilotokea kamwe, usingeniamini, na ungekuwa na haki. Inatokea, na inapotokea sisi viongozi huhangaikia kwanza jina la Kanisa, waamini huhangaikia nani alivujisha habari, na mama hubaki na mimba yake. Lakini yule mama wa migebuka hakuwa anauliza habari za mapadri peke yao. Niliiona sebule ilivyonyamaza. Baadhi ya kina baba waliokuwa wanapaza sauti wakaanza kutafuta viatu.

Asubuhi yake nilifungua kitabu cha ubatizo. Wengi wenu hamjawahi kukiona ndani. Kuna safu ya jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, jina la baba, jina la mama, msimamizi, padri aliyebatiza. Katika safu ya baba kuna mahali pameandikwa jina, na kuna mahali pamepigwa mstari mfupi tu. Nilihesabu mistari hiyo kwa kurasa kumi, nikaacha. Mwandiko ni wangu. Na siwezi kuapa kwamba hakuna hata mmoja wa wanaume hao anayekaa nasi kanisani Jumapili, na kutoa sadaka, na kunisalimia vizuri mlangoni.

Sheria ya Kanisa, kanuni ya 877, inaeleza namna ya kumwandika mtoto ambaye wazazi wake hawakufunga ndoa. Jina la baba linaandikwa kama ubaba wake umethibitishwa kwa hati ya serikali, au kama yeye mwenyewe amekiri mbele ya paroko na mashahidi wawili. Ni kanuni ya busara, maana inamlinda mtu asisingiziwe. Lakini mimi kwa miaka mingi niliitumia kwa jambo moja tu, kumwambia mama aliyesimama mbele ya meza yangu na kichanga mgongoni kwamba siwezi kuliandika jina alilonitajia. Anaitikia, "Sawa Baba," napiga mstari, anayefuata. Sikuwahi kumfuata mwenye jina.

Jina kwenye kitabu halilipi ada ya shule, najua, wala halinunui madaftari. Mama mwingine angependa zaidi unga. Pia wapo kina mama ambao hawataki jina la mwanaume huyo lisogee karibu na mtoto wao, kwa sababu wanazozijua, nao nawaheshimu na sitawasukuma. Lakini nimewabatiza watoto waliokua, wakaja kuchukua cheti kwa ajili ya kipaimara au ndoa, na nimewaona wakiupitisha mkono juu ya ule mstari. Kijana mmoja aliniuliza kama ni karani aliyesahau. Nikamwambia labda.

Nimemaliza kuandika haya siku ya Ijumaa. Ofisi ya parokia yetu iko wazi kuanzia saa tatu asubuhi, Jumanne mpaka Jumamosi, na nina hakika ya paroko wako haiko mbali nawe. Kama una mtoto mahali fulani aliyebatizwa kwa mstari, hata kama leo ana ndevu na watoto wake mwenyewe, zungumza kwanza na mama yake kwa heshima, kisha njoo. Kitabu kina nafasi pembeni ya kuandika. Mashahidi wawili ukiwakosa usirudi nyumbani. Katekista wangu yupo, na yule mama wa migebuka amekubali kuwa wa pili, ila amesema asiitwe siku ya gulio.