Shida si Ekstensheni, Shida ni Soketi Moja

Niseme mapema ndio nisieleweke vibaya: mimi naogopa moto. Naogopa sana. Kwa hivyo kama umekuja hapa ukidhani nitamtetea msee anayechemsha githeri na koili chini ya kitanda, si wewe nakuandikia. Ama kaa tu, zamu yako inakuja.

Jumamosi iliyopita, saa moja asubuhi, watu bado wamelala, keyateka wa hosteli yetu hapa Makindu alipita mlango kwa mlango akiwa na soja na gunia. Gunia la mahindi, lile la kilo 90. "Toeni ekstensheni zote na vitu zote za stima." Gunia likaanza kumeza: ekstensheni, pasi, hita za maji, koili mbili, mashine ya kunyoa ya jirani yangu ambaye analipa rent kwa kunyoa wenzake shilingi hamsini hamsini, na taa yangu ya duara, ile mnayoiona ikiwaka kwa macho yangu kila video. Hakuna mtu aliandikiwa karatasi. Hakuna kitu kilibandikwa jina la mwenyewe. Kufika saa mbili kulikuwa na tangazo kwa geti: MARUFUKU KIFAA CHOCHOTE CHA STIMA.

Chochote. Simu ni kifaa cha stima, buda. Balbu ni kifaa cha stima. Feni pia, na nyinyi mnajua joto la huku saa nane mchana.

Sasa nikupigie hesabu ya chumba changu. Tuko wanne. Soketi ni moja, ya plagi moja, na iko juu ya kitanda cha jamaa mmoja ambaye sisi wengine watatu tunamheshimu kuliko chifu. Kila mtu ana simu. Wawili wana laptopu kwa sababu kazi ya chuo inatumwa mtandaoni, na mwalimu haulizi kama ulikuwa na chaji. Huyo jamaa wa soketi akilala mapema, tumeisha. Kabla ya ekstensheni tulikuwa tunapeleka simu kwa duka moja kando ya barabara kuu, shilingi ishirini kwa simu, unaiacha na unaomba Mungu uikute.

Kwa hivyo wale mnaoniambia "sheria ni sheria, si muishi tu bila ekstensheni", naomba mnielezee vizuri. Ekstensheni haikuingia kwa hiyo nyumba kwa utukutu wetu. Ililetwa na fundi aliyeweka soketi moja, na na mwenye nyumba aliyemwambia hiyo moja inatosha, halafu akaweka vitanda vinne na kuokota kodi ya watu wanne. Hesabu ya vitanda aliiweza. Ya soketi ndiyo ilimshinda.

Na hapa Makindu hiyo inauma zaidi. Mji huu una hekalu la Masingasinga la tangu 1926, na mpaka leo dereva wa lori asiyejulikana na mtu anaingia pale anapewa chapati na chai bila kuulizwa kabila wala dini. Mgeni anakula bure, mpangaji anayelipa ananyang'anywa taa.

Lakini tuongee stima yenyewe, kwa sababu naona watu wote wawili, keyateka na wapishi wa koili, hawaijui.

Stima yetu Kenya ni volti 240. Plagi ile ya miguu mitatu ina fyuzi, na kubwa kabisa ni ya ampea 13. Zidisha: 240 mara 13 ni wati 3,120. Hapo ndipo mwisho wa plagi moja, hata uunganishe mashimo kumi. Chaja ya simu ni kama wati 20. Laptopu kama 65. Mashine ya kunyoa, kitu kidogo sana. Ukijumlisha kila kitu cha chumba chetu, watu wanne, na taa yangu ya duara ndani, hatufiki 250. Koili moja ya kupikia peke yake inakula 1,000, nyingine 2,000. Hita ya maji ni hivyo hivyo. Yaani koili moja ni sawa na chaja za simu za hosteli nzima zikiwaka pamoja. Kutia hivi vitu viwili kwa gunia moja na kuviita jina moja ni uvivu. Ni kama polisi asimamishe baiskeli na trela kwa sababu zote zina magurudumu.

Haya. Mpishi wa koili, njoo sasa.

Ile ekstensheni yako ya shilingi mia mbili hamsini imeandikwa 13A kwa boksi. Boksi haibebi stima, waya ndio unabeba. Waya mwembamba wa milimita 0.75 za mraba, ambao ndio mwingi kwa hizo za bei ya chini, unafaa ampea 6 hivi. Hiyo ni wati 1,440. Ya kubeba 13 kweli inataka waya wa 1.25. Sasa wewe umeweka koili ya 2,000, ukaongeza pasi, na ekstensheni yenyewe haina hata fyuzi ndani. Na joto la waya halipandi pole pole: ukizidisha mkondo mara mbili, joto linakuwa mara nne. Halafu umeukunja ule waya ukaufunga vizuri upendeze, na ukauficha chini ya godoro ili keyateka asiuone. Umeutengenezea oveni.

Tena kuna ule ujinga wa kalamu. Mnajua nazungumzia nini. Chaja ya miguu miwili haiingii kwa soketi yetu, kwa hivyo unachukua biki, unasukuma lile shimo la juu, plagi inaingia kwa nguvu. Lile shimo ni la waya wa ardhi, na mguu wake ndio unafungua mlango wa yale mashimo mengine mawili, kusudi mtoto asiingize kidole ama msumari. Wewe umevunja kufuli kwa biki. Na plagi yenyewe inakaa imelegea, inatoa cheche, pale mahali imegusana panakuwa moto, plastiki inaanza kuwa na rangi ya chai. Ukiona hiyo rangi na ukanusa ile harufu ya samaki, usingoje gunia la keyateka. Toa.

Nilifanya hiyo ya kalamu miaka miwili. Siandiki nikiwa malaika.

Kuna binamu yangu anafanya kazi kwa meli ya kitalii, zile kubwa kama mtaa, anatandika vitanda vya wazungu. Nilipompigia simu kumlilia taa yangu alicheka mpaka mtandao ukakata. Akaniambia huko kwao pia ekstensheni zinashikwa. Abiria anapanda, begi linapita kwa mashine, ekstensheni inaonekana, inatolewa. Pasi pia. Hita ya maji pia. Tajiri amelipa maelfu ya dola na hawezi kunyoosha shati kwa chumba chake.

Nikadhani amenimaliza. Hapana, ndio alinipa hoja.

Kwanza wanakuambia kabla hujatoka nyumbani. Orodha iko wazi: hiki ndiyo, hiki hapana. Chaja ndiyo. Laptopu ndiyo. Kitu chochote cha kutoa joto, hapana. Ekstensheni yenye kinga ya stima kupanda, hapana kabisa. Pili, wanakuambia kwa nini. Kwa nyumba yako, waya mmoja ndio una stima, ule mwingine karibu hauna kitu. Kwa meli nyingi waya zote mbili ziko hai ukilinganisha na chuma cha meli. Sasa ile kinga ya ekstensheni imetengenezwa kukata waya mmoja. Ikikata, ule mwingine unaendelea kupeleka stima, na kifaa kinaweza kupata moto mpaka kiwake. Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa onyo kuhusu hiyo kitu mwaka wa 2013. Huku kwetu, na hii stima inayoenda na kurudi kama mtoto wa jirani, hiyo kinga ni baraka. Kwa meli inaweza kuwasha chumba katikati ya bahari, na huko hakuna mahali pa kukimbilia. Unaona? Sheria yenye sababu. Ukielezwa unatii, hata kama inakuuma.

Tatu, ukishikwa kitu chako kinaandikwa, kinawekwa, na siku ya kushuka unarudishiwa. Na siku hizi meli mpya zinaweka mashimo ya USB karibu na kitanda, kwa sababu waliona watu wanabeba ekstensheni kwa kukosa mahali pa kuchaji.

Sisi tumepewa nini badala ya ekstensheni? Tangazo.

Na hapa ndipo hasira yangu iko, si kwa taa. Keyateka alituambia amefanya hivyo "kwa usalama wenu, mkumbuke Kyanguli". Nilinyamaza kwa heshima, yeye ni mtu mzima. Lakini Kyanguli sisi Wakamba hatuhitaji kukumbushwa. Machi 2001, huko Machakos, wavulana 67 walikufa kwa bweni moja. Ule moto uliwashwa na watu, kwa petroli. Haukuwashwa na chaja. Na sababu wengi hawakutoka ni kwamba mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma.

Sasa njoo uone madirisha ya hosteli yetu. Vyuma, yote. Mlango wa nyuma una kufuli, na ufunguo uko na soja, na soja usiku anakaa kwa geti ya mbele. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka wa 2008 unasema madirisha ya bweni yasiwe na vyuma, milango ifunguke kwenda nje, na kati ya kitanda na kitanda iwe mita 1.2. Najua sisi ni hosteli ya kibinafsi, si bweni la shule. Moto haujui hiyo tofauti. Kwetu kati ya kitanda na kitanda napita kwa upande kama kaa. Kizima moto kiko kimoja, ghorofa ya chini, na mshale wake uko kwa rangi nyekundu tangu nihamie.

Kama ni usalama wetu ulikutoa kitandani saa moja asubuhi, mzee, ungeanza na ile kufuli.

Ninachotaka si kikubwa. Chukua koili na hita, sitalia, hata nitakubebea gunia. Tupe mahali pa kupikia penye waya wake na breka yake, hata kama ni chumba kimoja cha watu wote na tulipie tokeni kando. Leta fundi mwenye leseni ya EPRA, si yule kijana wa kuunganisha dish, aongeze soketi, moja kwa kila kitanda. Mpaka siku hiyo ifike, ruhusu ekstensheni nzuri moja kwa kila chumba, yenye fyuzi na alama ya KEBS. Na hiyo alama mtu asiiamini kwa macho tu: unatuma namba yake kwa 20023, SM#, halafu namba, na unajibiwa. Nimeshaandika haya yote kwa karatasi, majirani kumi na wanne wameweka sahihi. Wawili walikataa. Mmoja wao ni yule wa soketi.

Na kwa wale wa komenti wanaosema nihame: nihame niende wapi? Nimezunguka plot nne hapa mjini mwezi uliopita. Tatu zina soketi moja. Ya nne ilikuwa na mbili, moja haina stima.

Jioni ya Jumapili nilienda kwa keyateka kumuomba mashine ya yule jirani, maana ana wateja wa Jumatatu na hiyo ndio rent. Alikuwa poa tu, akanikaribisha ndani, akaniambia nikae. Gunia lilikuwa nyuma ya mlango. TV ilikuwa inawaka, woofer inawaka, kafriji kadogo kananguruma kwa kona, na jagi ya maji inachemka kwa ajili ya chai yake. Nikafuata waya kwa macho. Vyote vinne viko kwa ekstensheni moja nyeupe, na hiyo nyeupe imechomekwa kwa ekstensheni nyingine nyeusi, na hiyo nyeusi, wasee, naijua. Ina stika ya Gor Mahia niliyobandika mwenyewe mwezi wa pili.

Aliniuliza kama nataka chai.