GARI NA MATUNZO YAKE: Mtetemo Unaokuja na Kutoweka

Katika magari yaliyotumika miaka mingi, hakuna ugonjwa unaowachosha madereva na mafundi kama mtetemo unaokuja na kutoweka. Leo gari latikisika toka sakafuni hadi vitini. Kesho, mbele ya fundi, latulia kama maji mtungini. Hapo ndipo kubahatisha kunapoanza. Hununuliwa kifaa hiki, kikafuatiwa na kile, fedha ya nyumbani ikaisha, na ugonjwa ukabaki palepale.

Mfano ulio wazi ni pikapu kuukuu zinazofanya kazi baina ya Lilongwe na Dzaleka, nchini Malawi. Dzaleka, iliyokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wakati wa utawala wa Kamuzu Banda, iligeuzwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Iko wilaya ya Dowa, kilomita zipatazo 45 kaskazini mwa mji mkuu. Wakazi wake wengi walitoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili husikika kila pembe ya soko lake. Pikapu hutoka Lilongwe na magunia, ikapita Kanengo na Lumbadzi juu ya lami, kisha ikaingia njia za udongo kambini. Hurudi tupu. Kwa siku moja gari hilo limebeba na kutua, limekimbia na kutambaa, limepata joto na kupoa. Si ajabu basi kwamba mtetemo wake nao haukai mahali pamoja.

Gharama ya kukosea si ndogo. Mwezi Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 44, na vipuri vya magari hutoka nje ya nchi. Lakini iko hasara kubwa kuliko ya fedha. Propela, yaani mhimili mrefu unaochukua nguvu toka gia boksi hadi difu, ikikatika upande wa mbele huanguka na kuchoma barabara huku gari likienda kasi. Waliopakiwa juu ya magunia hawana pa kujishikia.

Kutenga kabla ya kufungua

Fundi mwenye busara hashiki spana kwanza. Hutafuta kujua mtetemo unafuata nini: injini, mwendo wa gari, au uzito wa mzigo.

Jaribio la kwanza hufanywa gari likiwa limesimama, gia ikiwa huru. Injini na ipandishwe mwendo polepole. Mtetemo ukitokea hapo, propela haina hatia; ichunguzwe injini yenyewe pamoja na mipira inayoishikilia.

La pili hufanywa kwenye barabara iliyonyooka, isiyo na watu. Dereva aende kilomita 60 kwa saa kwa gia ya tatu, kisha mwendo uleule kwa gia ya nne. Mtetemo usipobadilika, chanzo kiko nyuma ya gia boksi: propela, difu, ekseli au magurudumu.

La tatu, katika mwendo huohuo akanyage klachi na kuachia mafuta, bila kuzima injini. Mtetemo ukikoma mara moja, huletwa na nguvu ya injini inapovuta. Aghalabu ni krosi iliyolegea au mpira wa injini uliochanika. Ukiendelea, ni kitu kinachozunguka bila kulingana.

Namna ya mtetemo nayo ni ushahidi. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, gurudumu lenye mzingo wa mita 2.2 huzunguka kama mara 10 kwa sekunde. Propela, ambayo kwa kawaida huzunguka kama mara nne kwa kila mzunguko wa gurudumu, hufikia mara 40. Kwa hiyo gurudumu hutoa mtikisiko wa polepole, na la mbele huonekana mikononi mwa dereva. Propela hutoa mvumo wa haraka unaosikika sakafuni na vitini.

Kwa nini hutoweka

Krosi, yaani kile kiungo chenye umbo la msalaba, hukaa ndani ya vikombe vyenye visindano vidogo. Grisi ikikauka, visindano huchimba vijishimo, na kiungo hukwama katika pembe moja huku kikiteleza katika nyingine. Magunia yakipakiwa, springi hulala na pembe ya propela hubadilika. Ndipo mtetemo huzuka au hutoweka. Gari linalotikisika wakati wa kuondoka tu, na zaidi likiwa na mzigo, lina sababu ya kutazamwa beringi ya katikati na mpira wake, ikiwa propela yake ni ya vipande viwili.

Wakati wa masika yafaa kuanza na maji na brashi. Tope lililoganda ndani ya rimu au juu ya propela huvuruga mlingano. Likikauka na kudondoka, ugonjwa hupona bila mganga, hadi mvua nyingine.

Kutengeneza

Magurudumu na yatiwe kabari, na gari liwekwe juu ya stendi za chuma, si jeki peke yake. Tahadhari hii isisahaulike: propela ikishatolewa, gia haiwezi tena kulizuia gari. Katika Land Rover za zamani hata breki ya mkono hufanya kazi kupitia propela, hivyo nayo huwa bure.

Kabla ya kufungua bolti hata moja, zipigwe alama za rangi kwenye flenji na kwenye sehemu yenye meno inayoteleza. Uma za propela zilizo mbele na nyuma hutakiwa kuelekeana kama zilivyotoka kiwandani. Zikirudishwa zimepishana hata jino moja, fundi atakuwa ameunda mtetemo mpya kwa mkono wake.

Vumbi jekundu kandokando ya vikombe ni dalili ya krosi iliyokwisha. Krosi mpya ibanwe kwa jiliwa, isipigwe nyundo ovyo, kwa maana kisindano kimoja kikianguka kazi yote ni bure. Ikishakaa, ichezeshwe kwa mkono: yapasa izunguke pande zote bila kukwama wala kulegea. Mwisho, grisi itiwe kwenye nipeli zote, pamoja na ile ya meno yanayoteleza.

Gari lisirudishwe kazini kabla ya kujaribiwa likiwa tupu na likiwa na mzigo, katika mwendo uleule uliolitikisa mwanzo. Baada ya siku chache bolti zikaguliwe tena. Kwa askari mwenye gari la kikosi na kwa baba anayelisha watoto kwa pikapu moja, kanuni ni ile ile: kupima kwanza, kununua baadaye. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini aliyeziba ufa usio wake, ukuta bado utamwangukia.