Ramani za mvua na udongo zisifungiwe ghalani

KILIO cha wakulima kwa miaka mingi kimekuwa kwamba taarifa za mvua na za udongo haziwafikii. Kilio hicho ni cha kweli, lakini chanzo chake kimebadilika. Zamani taarifa zenyewe hazikuwapo, au zilikuwapo kwa bei ambayo hakuna chama cha msingi kingeweza kuimudu. Leo zipo, tena nyingi ni za bure. Picha za setilaiti za Landsat ziliondolewa malipo mwaka 2008. Sentinel-2, ambayo setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, inapiga picha ambazo nukta moja ni mita 10 kwa mita 10, kiasi kwamba shamba la ekari moja linapata nukta kama 40. Kumbukumbu za mvua zinazoitwa CHIRPS zinaanzia mwaka 1981. Mwaka 2020 zikatolewa ramani za udongo za iSDAsoil, zinazoigawa Afrika katika vipande vya mita 30.

Kinachokwamisha sasa si taarifa, ni mlango wa kuzitolea. Ramani inatengenezwa kwa fedha za umma au za wahisani, inawekwa kwenye kompyuta ya ofisi, na inaishia hapo. Anayeihitaji kule wilayani anatumiwa picha nzito kwa barua pepe, ambayo haifunguki, au anaambiwa aje ofisini na flashi yake.

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa mahindi pale Kibaigwa, wilayani Kongwa. Ukanda ule una msimu mmoja wa mvua, kati ya Novemba na Aprili. Ikifika Februari anatakiwa aamue kama atafunga mkataba wa malori ya kwenda Kiteto au atafute mzigo kwingine. Akiweza kuona kwamba upande wa Kiteto umekosa mvua kwa siku ishirini mfululizo wakati mahindi yanatoa mbelewele, anajua la kufanya. Mkulima naye akijua hilo, hauzi gunia alilobakiza kwa bei ya kutupa. Taarifa ikiwa kwa mmoja tu kati ya hao wawili, mwingine anaumia, na kwa kawaida anayeumia ni mwenye jembe.

Chombo cha kutolea taarifa hizo kipo. Kinaitwa seva ya ramani. Ni kompyuta yenye programu inayopokea maombi kwa njia ya mtandao: nipe ramani ya mvua, ya eneo hili, kwa ukubwa huu. Programu inachora na kurudisha picha ndogo ambayo hata simu inaweza kuifungua. Programu mbili zinazotumika sana, MapServer iliyoanzia Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani katika miaka ya 1990 na GeoServer iliyoanza mwaka 2001, hazilipiwi leseni. Utaratibu wa kuombea ramani, unaofahamika kwa kifupi kama WMS, ulikubaliwa mwaka 2000, na mwaka 2005 ukawa kiwango cha kimataifa. Kwa hiyo hakuna cha kuvumbua.

Tatizo linaanzia pale ofisi inapojiuliza itaiweka wapi seva hiyo. Hapo hutokea makundi mawili. La kwanza huiacha wazi kabisa, ikitazama mtandao uso kwa uso, na mara nyingine neno la siri la msimamizi likiwa bado ni lile lililokuja na programu. Kwa GeoServer neno hilo la kuanzia ni jina la programu yenyewe, kwa hiyo hata mtoto wa shule anaweza kulibahatisha. Kundi la pili, kwa hofu ya wezi wa mtandaoni, huifungia ndani na kuwaruhusu kuiona wale tu walio kwenye jengo. Kundi hili husifiwa kwa usalama. Lakini ramani ya mvua ambayo mkulima haioni ina faida gani kwa kilimo?

Njia iliyo sahihi ipo katikati, na mkulima wa korosho wa Mtwara ataielewa upesi kuliko wakuu wengi wa ofisi. Katika stakabadhi ghalani mnunuzi haingii ghalani na kujichagulia magunia. Getini kuna mlinzi. Dirishani kuna karani anayepokea karatasi, anayezikagua, na anayeagiza mzigo utolewe. Seva ya ramani ni ghala. Fayawoli, yaani ukuta wa ulinzi wa mtandao, ni yule mlinzi wa getini. Proksi, kompyuta nyingine ndogo inayokaa mbele ya seva, ni karani wa dirishani. Fayawoli inawaruhusu watu wa nje kufika kwa proksi peke yake, kwa mlango namba 443, ule wa tovuti zote zenye usalama. Proksi ndiyo inayoruhusiwa kuingia ndani na kuiuliza seva, ambayo kwa kawaida hukaa mlango namba 8080. Ukurasa wa msimamizi hauonekani nje hata kidogo.

Namba hizo za milango si jambo la mafundi peke yao. Ofisi nyingi za halmashauri, benki na vyuo nazo zina fayawoli zao, ambazo mara nyingi huruhusu watumishi kutoka kwa milango ya kawaida tu, 80 na 443. Ramani ikitangazwa kwa mlango 8080, itafunguka vizuri nyumbani kwa fundi aliyeitengeneza na kwenye simu yake, lakini afisa kilimo aliye ofisini kwake wilayani ataona ukurasa mweupe. Fundi atasema inafanya kazi. Afisa atasema haifanyi. Wote wawili watakuwa wanasema kweli, na ramani itaachwa.

Upo ugonjwa mwingine, na huu ndio unaoua seva nyingi zilizowekwa nyuma ya proksi. Mtu anapoiomba seva orodha ya ramani ilizonazo, seva humjibu kwa hati inayotaja ramani na pia anwani ya kuzifuatia. Ikiwa haikuambiwa kwamba mbele yake kuna proksi, itaandika anwani yake ya ndani, ile inayoanza na 10 au 192.168, yenye 8080 mwishoni. Ni sawa na karani kumpa mnunuzi risiti iliyoandikwa "mzigo wako uko chumba cha tatu, ingia uchukue", halafu mlinzi wa getini akamzuia. Orodha inaonekana, ramani haiji. Hata anwani ikiwa sahihi lakini ikaandikwa bila ile alama ya usalama mwanzoni, vivinjari vya siku hizi vitaikataa au kuilalamikia ndani ya ukurasa ulio salama. Dawa yake ni sehemu moja tu ya mipangilio ambamo fundi anaiandikia seva anwani ya nje ambayo wananchi wanaitumia. Ni kazi ya dakika chache kwa anayeijua, na wiki nzima ya lawama kwa asiyeijua.

Kuna faida ya proksi ambayo wahasibu wangeipenda kama wangeelezwa. Ramani ya mvua hutolewa kwa vipindi vya siku kumi, maana yake hubadilika mara tatu kwa mwezi. Hakuna sababu ya seva kuichora upya kila anapokuja mtu. Proksi inaweza kuhifadhi vile vipande vidogo vya picha, ambavyo kwa kawaida ni nukta 256 kwa 256, na kuvigawa kwa anayefuata bila kuisumbua seva. Watu elfu wakiitazama Kongwa, seva imefanya kazi ya mtu mmoja. Kwa namna hiyo kompyuta ya kawaida inaweza kuhudumia mkoa mzima, na ofisi haina haja ya kununua mtambo wa fahari. Sharti ni kwamba proksi iambiwe lini itupe picha za zamani. Ikisahauliwa, mkulima atakuwa anaangalia mvua ya siku kumi zilizopita akidhani ni ya jana, na hasara ya hapo ni mbaya kuliko kutoona ramani kabisa. Aidha, proksi ina subira yenye mpaka. Nginx, mojawapo ya programu zinazotumika sana kwa kazi hiyo, isipoelekezwa vinginevyo huacha kusubiri baada ya sekunde 60 za ukimya, kwa hiyo ramani nzito inayochukua dakika mbili kuchorwa haitamfikia mtu.

Wanaopinga kufungua milango wana hoja, na si haki kuipuuza. Julai 2024 lilitangazwa tundu la usalama katika GeoServer ambalo lilimwezesha mtu asiye na neno la siri kuendesha amri zake ndani ya seva. Lilipewa alama 9.8 kati ya 10 kwa ubaya. Marekisho yalikuwa tayari katika matoleo 2.23.6, 2.24.4 na 2.25.2, lakini Septemba 2025 shirika la usalama wa mtandao la Marekani, CISA, lilieleza jinsi wahalifu walivyoingia kwa tundu hilo katika mtandao wa taasisi moja ya serikali ya nchi hiyo Julai 2024 na kukaa humo wiki tatu bila kugundulika. Ieleweke kwamba proksi peke yake isingezuia shambulio la namna hiyo, kwa kuwa lilipitia maombi ya ramani yanayofanana na ya kawaida. Karani huwezi kumlaumu kwa karatasi inayoonekana halali.

Somo la kisa hicho si kufunga seva. Ni kuwa na mtu anayeweka matoleo mapya kila yanapotoka, na kuwa na fayawoli inayoangalia pande zote mbili. Watu wengi huona kazi ya ukuta ni kuzuia wanaoingia. Lakini seva ya ramani haina sababu ya kwenda huku na huko duniani. Inahitaji kuchota data ya mvua kwenye anwani chache zinazojulikana, basi. Ikizuiwa kutoka kwenda kwingine, mwizi aliyeingia anapata shida kubwa ya kuleta zana zake na kuondoka na alichoiba. Ghala lenye mlinzi anayekagua magari yanayotoka huibiwa kidogo.

Tena si kila kilichomo ghalani ni cha kugawa. Ramani ya mvua na udongo ni ya wote. Daftari la wakulima, lenye majina, namba za simu na mipaka ya mashamba, si la wote. Tangu mpango wa mbolea ya ruzuku wa msimu wa 2022/2023 usajili wa wakulima nchini umepanuka sana, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawabana wanaozitunza. Seva hiyohiyo inayotoa picha inaweza pia, isipodhibitiwa, kutoa data ghafi yenyewe kwa utaratibu mwingine unaoitwa WFS. Mnunuzi mjanja akipata orodha ya nani ana ekari ngapi na yuko kijiji gani, atajua wa kumwendea kabla ya mavuno na fedha mkononi. Proksi ndiyo mahali pa kukata: maombi ya picha yapite, maombi ya data ghafi yakataliwe.

Wapo watakaosema haya yote ni usumbufu, heri kutumia seva za wageni. Mwaka 2025 ulitoa jibu. FEWS NET, mtandao wa tahadhari ya njaa ulioanzishwa na Marekani mwaka 1985 na kutegemewa na wachumi wa kilimo Afrika nzima, ulizimwa Januari mwaka huo misaada ya nchi hiyo iliposimamishwa, tovuti ikatoweka pamoja na ramani zake, na huduma ikarejea baadaye kwa sehemu. Data za bure za wageni zichotwe, bila aibu, lakini nakala na ramani zitunzwe hapa. Kama ni kwenye kompyuta za kukodi nje au kwenye vituo vya data vya serikali ni suala la bei na sheria. Proksi na fayawoli vitahitajika kokote.

Gharama kubwa katika shughuli hii ni mtu. Programu ni bure, mashine si ghali kama gari la mradi, lakini fundi anayejua ramani na mtandao kwa pamoja ni adimu, na miradi mingi humlipa kwa miaka miwili ya ufadhili kisha humwachia seva iote kutu. Bajeti ya halmashauri au chama kikuu cha ushirika isiyo na mshahara wa mtu huyo isiitwe bajeti ya ramani.

Wakati huo huo, kiongozi wa chama cha msingi anayeonyeshwa mfumo mpya wa ramani kwenye semina anaweza kuupima bila kusoma kompyuta. Aombe anwani yake. Akiona ina 8080, au inaanza na 10 au 192.168, aulize kwa nini. Kisha aifungue kwenye simu yake mwenyewe kwa salio lake mwenyewe, amwombe afisa kilimo wa wilaya aifungue ofisini kwake, na amuulize msemaji wa semina tarehe ya ramani iliyo mbele yao na jina la atakayeibadilisha siku kumi zijazo.